Vipimo Viwili kwa Usiku

Wapo Wakristo wanaoamini kwamba Roho Mtakatifu na daftari la mazoezi haviketi benchi moja. Tumekaa nao, tumewasikiliza, na tunawaheshimu, maana wengine wao ni watu wa maombi kutuzidi sisi. Husema kwamba kipawa hutolewa na Mungu, na saa ya ibada ikifika Roho humwongoza aliyepewa. Mtu anayerudia wimbo mmoja mara hamsini anazitegemea akili zake mwenyewe. Sisi watatu tunaopiga kinanda katika usharika wetu tumelazimika kulijibu neno hili kwa vidole zaidi kuliko kwa mdomo. Tumeombwa tuandike tuliyojifunza: jinsi wimbo unavyofanyiwa mazoezi mpaka ukae mkononi, na jinsi mazoezi hayo yalivyoigusa imani yetu.

Kwa miaka mingi kinanda chetu kilipigwa na mzee tunayemwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha shule ya msingi hadi alipostaafu. Mwaka mmoja, baada ya Pasaka, alipata kiharusi. Mungu alimhifadhia uhai na kauli, lakini mkono wa kushoto haukurudi. Usharika ulifunga na kuomba. Kwa wiki kadhaa tuliimba bila ala yoyote. Ndipo baraza la wazee likaketi, na mhazini akaeleza kwamba mpigaji wa kukodi kutoka mjini angetaka shilingi 30,000 kila Jumapili, pamoja na nauli. Kwa mwaka ni zaidi ya milioni moja na nusu. Fedha hiyo ingetoka wapi? Mfuko uliokuwa na chochote ni ule wa diakonia, unaowanunulia wajane unga na sabuni na kuwashonea watoto wachache sare za shule. Hesabu iliposomwa, watu walinyamaza.

Mwalimu alikuwa ameletwa kwenye kikao hicho akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Akasema, "Wazee wangu, nipeni watu watatu, na nipeni muda hadi Majilio." Ndivyo tulivyopatikana. Mmoja wetu ni fundi cherehani, mama wa watoto wanne. Mwingine ni kijana wa bodaboda. Wa tatu alikuwa kidato cha tatu. Wote tulikuwa waimbaji wa kwaya na tulijua kusoma solfa, lakini hakuna kati yetu aliyewahi kupiga kinanda kwa mikono miwili. Tangu Pentekoste hadi Jumapili ya kwanza ya Majilio tulikuwa na kama wiki 26. Mwalimu alituandikia nyimbo 12, na wa kwanza kwa umuhimu ulikuwa ule wa Martin Luther unaotokana na Zaburi ya 46, ambao alitaka usikike Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa, mwisho wa Oktoba.

Tulidhani siku ya kwanza tutakaa mbele ya kinanda. Mwalimu alikataa. "Mkono hauwezi kupiga kile ambacho koo halijaimba," alisema. Wiki nzima ya kwanza tuliimba tu. Tuliimba soprano, kisha alto, kisha tenor, kisha besi, kila mmoja wetu sauti zote nne, hata zile zisizomfaa. Tulisoma maneno ya beti zote kwa sauti na kuweka alama ya penseli mahali ambapo kanisa huvuta pumzi, kwa sababu mpigaji asiyejua waimbaji wanapumua wapi huwakimbiza kama ng'ombe. Solfa ilitusaidia sana. Njia hii ilienezwa na John Curwen, mchungaji wa Uingereza wa karne ya 19, akiendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover, ili watoto wa shule ya Jumapili na watu wa kawaida waweze kusoma wimbo na kuuimba hata kama hawana ala nyumbani. Wimbo wa Luther hufungua kwa do ya juu mara tatu. Kabla hatujaigusa do hiyo kwenye kinanda, tulikuwa tumeshaibeba kichwani sokoni, barabarani na darasani.

Wiki ya pili tulikaa kwenye kinanda, na hapo tukakutana na sheria iliyotuudhi kuliko zote. Wimbo ulioandikwa kwa noti hugawanywa kwa mistari ya wima, na kila chumba kati ya mstari na mstari huitwa kipimo. Mwalimu alituruhusu vipimo viwili kwa usiku, basi. Kinanda kilikuwa kimoja, chenye vitufe 61, nacho hukaa ofisi ya usharika. Kila mmoja alipewa dakika 25: wa bodaboda asubuhi abiria wakishapungua, mwanafunzi akitoka shule, na fundi baada ya kufunga duka. Ukimaliza vipimo vyako viwili mapema, huongezi cha tatu. Unavirudia vile vile mpaka muda uishe, kisha unafunika kinanda na kwenda zako.

Mbaya zaidi, alituanzishia mwisho. Tulijifunza kwanza vipimo viwili vya mwisho vya wimbo, kesho yake viwili vinavyotangulia hivyo, tukarudi nyuma hivyo hivyo hadi mwanzo. Mtu akijifunza wimbo kuanzia mwanzo, mistari ya kwanza huwa ameipiga mara mia na ya mwisho mara kumi, kwa hiyo kila anavyosonga mbele anaingia mahali asipopajua. Akianzia mwisho huwa kama mtu anayerudi nyumbani: kadiri anavyokwenda ndivyo njia inavyozidi kuwa ya kwake. Wimbo wa vipimo 16 hujifunzwa hivi kwa siku nane, na siku zinazobaki katika wiki mbili ni za kuunganisha vipande.

Mkono wa kushoto ulitangulia. Katika nyimbo za sauti nne, mkono wa kulia hushika soprano na alto, na wa kushoto hushika tenor na besi. Watu wengi hupenda kuanza na wa kulia kwa sababu ndio wenye wimbo masikioni. Mwalimu alituambia, "Wa kushoto ndio unaobeba kanisa. Soprano wanaijua, hata usipoipiga wataimba. Besi ikiyumba, kila mtu anayumba." Alipokuwa akisema hivyo mkono wake mwenyewe wa kushoto ulikuwa umelala juu ya paja. Hatukujua tutazame wapi.

Basi mpango ulikuwa hivi. Kwanza besi peke yake. Kisha besi na soprano pamoja, mkono kwa mkono, noti moja moja. Kisha tunaongeza tenor kwenye mkono wa kushoto, na mwisho alto kwenye wa kulia. Mpango huu una faida mbili. Masikio yanasikia mifupa ya wimbo kabla ya nyama. Halafu, siku ya ibada hofu ikikushika, unaweza kuiacha alto na tenor na kubaki na sauti mbili za pembeni, na kanisa litaendelea kuimba bila kujua kwamba umepunguza mzigo.

Kuhusu vidole, tulifundishwa kuamua mapema na kutobadili. Kila mkono una namba, kidole gumba kikiwa 1 na cha mwisho 5. Tulikaa na penseli na kuandika namba juu ya kila noti yenye mashaka. Usipofanya hivyo, leo unapiga kwa kidole cha tatu, kesho kwa cha nne, na mkono unajifunza nyimbo mbili badala ya mmoja. Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1720 Johann Sebastian Bach, Mlutheri mwenzetu na mtunzi wa muziki wa kanisa, alimwanzishia mwanawe mkubwa Wilhelm Friedemann, mtoto wa miaka tisa, kitabu cha mazoezi. Miongoni mwa vipande vya mwanzo kabisa kuna kimoja ambacho baba huyo aliweka namba za vidole juu ya noti zake, na juu ya kipande hicho akaandika herufi tatu, I.N.J., kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya "kwa jina la Yesu". Tulipoyajua haya yalituingia sana. Kwa Bach, namba za vidole na jina la Yesu vilikaa ukurasa mmoja, juu ya zoezi la mtoto.

Halafu ukaja mwendo wa taratibu. Tulitumia programu ya simu inayogonga mapigo. Mwalimu aliianzisha kwenye mapigo 50 kwa dakika, na pale palipokuwa pagumu akashusha hadi 40. Kanuni yake: mwendo sahihi ni ule ambao hukosei. Ukikosea, mwendo huo bado si wako, shuka. Ukipiga mara tatu mfululizo bila kosa, panda mapigo manne, si kumi. Kijana wetu wa bodaboda aliteseka kuliko wengine, kwa kuwa riziki yake inatafutwa kwa haraka. Fundi wetu alielewa upesi, akatueleza kwa kazi yake: kitambaa hushikizwa kwanza kwa uzi wa mkono, mshono mrefu mrefu, ndipo kikapitishwa kwenye mashine. Anayeruka hatua hiyo huona gauni limekwenda upande.

Na kosa likitokea? Hapa ndipo tulipoona tofauti ya kupiga na kufanya mazoezi. Kawaida ya watu wengi ni kurudi mwanzo wa wimbo na kuupiga tena wote, kwa matumaini kwamba safari hii patapita. Matokeo yake sehemu nzuri inazidi kuwa nzuri, na sehemu mbovu inapigwa kwa ubovu wake kila mara mpaka mkono unauzoea. Mwalimu alitufundisha kusimama pale pale na kuuliza maswali matatu: ni mkono upi, ni kidole kipi, na kwa nini? Katika mstari mmoja wa wimbo wa Luther, tulivyoupata, besi inashuka huku tenor ikipanda, na kidole cha nne cha mkono wa kushoto kinatakiwa kufika mahali ambapo cha tano bado hakijatoka. Tukishajua hivyo, dawa ni noti mbili tu. Unazipiga hizo mbili hadi zitulie, kisha unaanza kipimo kimoja nyuma yake na kuishia kipimo kimoja mbele, ili kiraka kishonwe kwenye nguo. Fundi wetu akacheka: "Hata mimi hufumua pale palipokosewa, sifumui gauni zima."

Baadaye tulisoma kwamba jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin walitoa matokeo ya wapiga piano 17 wa ngazi ya chuo, waliopewa kipande kifupi kigumu wajifunze. Waliopiga vizuri zaidi kesho yake hawakuwa wale waliofanya mazoezi kwa muda mrefu zaidi, wala waliorudia mara nyingi zaidi. Walikuwa wale waliojua kosa liko wapi hasa na linatokana na nini, wakashusha mwendo, wakalirekebisha kabla ya kuendelea.

Tuliposoma hayo tulifikiri juu ya toba. Ni rahisi kumwambia Bwana, "Nisamehe makosa yangu yote," tukasimama na kwenda. Hiyo ni kama kurudi mwanzo wa wimbo. Kazi yenyewe ni kusimama mahali penyewe: ni neno gani nililosema, kwa nani, na lilitoka wapi moyoni? Halafu kuishi siku ile tena kwa taratibu, kuanzia kabla kidogo ya pale ulipoangukia, mpaka kupita pale. Neema ya Mungu hutosha kwa makosa yote kwa pamoja, tunaliamini hilo. Lakini kubadilika kwetu huenda noti mbili mbili.

Ilituchukua muda kukubali sheria ya kuacha mapema. Ukiwa umekaa dakika 25 na vipimo viwili bado vinakugomea, moyo hukwambia ubaki hadi saa sita usiku. Mwalimu alizima taa. "Nenda kalale. Kesho utavikuta vimeiva." Na mara nyingi ilikuwa hivyo: kilichokataa jioni kiliitika asubuhi, kama kwamba mtu mwingine alikuwa amekifanyia kazi usiku. Hili nalo limepimwa. Mwaka 2002 watafiti wa Harvard walionyesha kwamba watu waliofundishwa kugonga vitufe kwa mfuatano fulani wa vidole, wakalala usiku, waliamka wakiwa wepesi zaidi bila mazoezi mengine. Waliokaa macho kwa muda ule ule hawakupata faida hiyo.

Sisi tulilikuta katika Marko 4, kuanzia mstari wa 26. Bwana Yesu anamfananisha Ufalme wa Mungu na mtu aliyetupa mbegu, akalala na kuamka, na mbegu ikaota na kukua asijue ni kwa vipi. Tumelisikia fungu hilo likihubiriwa mara nyingi, lakini hatukuwahi kulisikia mkononi. Mkulima hana budi kupanda. Asipopanda, usingizi wake ni uvivu. Lakini akishapanda hana budi kulala. Akikesha shambani akifukua mbegu aone kama imechipua, ataiua. Dakika zetu 25 zilikuwa kupanda. Kufunika kinanda na kwenda kulala nyimbo zikiwa bado hazijawa kulikuwa kumwachia Mungu sehemu yake. Kwa fundi wetu, mwenye madeni na watoto wanne, hilo lilikuwa somo la imani gumu kuliko noti zote. Anasema ndiyo mara ya kwanza alijifunza kulala huku kitu kikiwa bado hakijakamilika.

Mengine tuyaseme kwa ufupi. Tulipofikisha nyimbo nne, tuliacha kufanya mazoezi ya wimbo mmoja kwa jioni nzima. Tulichanganya, dakika sita huu, dakika sita ule, kisha kurudi wa kwanza. Inachosha akili na inakufanya ujione mjinga, lakini siku ya ibada ndivyo nyimbo zinavyokuja, mmoja baada ya mwingine, bila nafasi ya kuzoea. Umeme ulipokatika, tulipiga juu ya meza. Unaweka noti mbele yako, unaimba besi kwa sauti ya chini, na vidole vinatembea kwenye mbao. Usipojua kinachofuata, meza haikudanganyi kwa sauti nzuri. Tuliweka pia alama za kuingilia: mwanzo wa kila mstari tulijizoeza kuanzia hapo bila kuanzia juu, ili mpigaji akipotea katikati ya ubeti awe na mlango wa karibu wa kurudia.

Na siku moja kwa wiki, Alhamisi, kulikuwa na zoezi la namna nyingine kabisa. Jumuiya ilikuja kuimba, na sheria ikageuka: hakuna kusimama. Lolote likitokea, mapigo yanaendelea, besi inaendelea. Kuna zoezi la kutengeneza na kuna zoezi la kutembea, na mtu anayefanya moja tu hushindwa. Anayetengeneza tu huwa hodari ofisini na kusimama simama ibadani. Anayetembea tu hubeba makosa yale yale miaka yote.

Katika moja ya Alhamisi hizo mzee mmoja wa kanisa, mtu wa kufunga na kuomba, alituambia wazi kwamba tunamzimisha Roho kwa kuhesabu hesabu kwetu. Mwalimu hakumkatisha. Alipomaliza, alimwomba afungue 1 Mambo ya Nyakati sura ya 25 na kuwasomea watu. Mle Daudi anawapanga waimbaji na wapigaji wa hekalu, na jumla yao, wote wakiwa wamefundishwa nyimbo za Bwana na kuwa mahodari, ni 288. Mstari wa nane unaeleza kwamba walipiga kura zamu zao, mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu sawasawa na mwanafunzi. Hekaluni, basi, walikuwamo wanafunzi. Sura ya 15 ya kitabu hicho hicho inamtaja Kenania, aliyepewa kusimamia uimbaji kwa sababu alikuwa stadi. Hata Daudi mwenyewe aliitwa nyumbani kwa Sauli, katika 1 Samweli 16, kwa kuwa alitafutwa mtu ajuaye kupiga kinubi. Roho wa Bwana alikuwa juu yake, na vidole vyake vilikuwa vimeshajifunza malishoni.

Yule mzee alisikiliza, akasema ataendelea kutuombea. Hatukushindana. Na tunakiri kwamba onyo lake lina sehemu ya kweli. Mazoezi yanaweza kuwa sanamu. Mwanafunzi wetu alijifunza haraka kuliko sisi wengine, na ilikuwa rahisi kwake kumdharau aliyechukua wiki tatu kwa wimbo mmoja, na rahisi kwa wa wiki tatu kumwonea wivu. Kura ya mwalimu na mwanafunzi sawasawa ilitusaidia: tuliandika zamu zetu kwenye vikaratasi tukavichanganya ndani ya kapu la sadaka, na hadi leo zamu hupangwa hivyo.

Jibu letu hasa kwa yule mzee tulilipata Jumapili ya Matengenezo ya Kanisa, wimbo wa Luther ulipoimbwa. Kura ilikuwa imemwangukia fundi. Anaeleza kwamba katika ubeti wa kwanza alisikia mapigo ya moyo wake tu. Katika ubeti wa pili aligundua kwamba mikono inakwenda bila yeye kuisukuma, na kwa mara ya kwanza akayasikia maneno anayoyapiga. Akainua macho. Aliwaona wajane kwenye mabenchi yao, akawasikia wanaume wa nyuma wakiimba besi waliyoiacha tangu Mwalimu augue. Katika ubeti wa mwisho alipunguza sauti, kwa sababu alihisi watu wanataka kuomba. Hakuna aliyemfundisha hilo wala halikuandikwa kwa penseli. Tunaamini huo ulikuwa uongozi wa Roho, na tunaamini kwamba mtu anayetafuta kidole cha nne kilipo asingeweza kuusikia. Roho hakuhitaji mazoezi yetu ili awepo. Sisi ndio tuliyahitaji ili tupate nafasi ya kumsikiliza.

Msomaji atataka kujua mwisho wa mambo. Ilipofika Jumapili ya kwanza ya Majilio tulikuwa na nyimbo tisa, si 12. Baraza lilizikubali. Hizo tatu tulizimaliza kabla ya Kwaresima. Mfuko wa diakonia haukuguswa, na mpigaji wa kukodi hakuitwa.

Mkono wa Mwalimu haujarudi. Tunaliandika hili kwa sababu lisipoandikwa ushuhuda wetu utakuwa wa uongo. Usharika uliomba, na bado unaomba. Kila asubuhi yeye huchukua kibanio cha nguo, akakiweka kati ya vidole vya mkono ule, na kujaribu kukifinya. Mara kumi, basi, kisha anapumzika. Alipoulizwa kama haoni kwamba anajisumbua bure, alijibu, "Mimi niliwaambia ninyi vipimo viwili kwa usiku. Mimi nina hiki." Jumapili huketi pembeni ya kinanda, akiimba besi, na mkono wa kulia ukigonga mapigo juu ya goti. Kama uponyaji utakuja, utamkuta kazini. Kama hautakuja upande huu wa maisha, bado ameshawapa wengine mkono wa kushoto.

Kwa hiyo, wapendwa, kama mna kinanda kinachokaa chini ya kitambaa katika usharika wenu, au kijana anayesema angependa kujifunza lakini hana kipawa, msingoje ajae nguvu ghafla. Mpeni dakika 25, penseli, na mtu wa kumzimia taa. Na kwa wale ambao hawatagusa kinanda maisha yao yote, kila mmoja ana kitu ambacho Mungu amemwekea mbele yake na anakiona kirefu mno: kusamehe ndugu, kulea mtoto mgumu, kusoma Biblia nzima, kuacha pombe. Chukua vipimo viwili vya leo. Vifanye taratibu, kwa jina la Yesu, usimame pale palipo na kosa, kisha ulale. Bwana aliyempa mkulima mvua na usingizi atafanya sehemu yake.